Shati Kavu Kutoka Ziwani

Buffalo, Oktoba 2015

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo Mama. Miguu inaendeleaje? Sisi tuko wazima, ni midomo ya watu tu inatuumiza.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama kweli Baba Zawadi anashuka kwa mambamuntu, yule mwanamke-samaki wa majini, kutafuta utajiri. Utajiri gani, Mama? Bado tunapanda basi.

Ni hivi. Tangu tutoke Louisville kufuata kazi ya kiwanda huku, amepata rafiki Mzungu, Gary, aliyemfundisha kupiga mbizi. Hawapandi hata mtumbwi. Wanaingia ziwani kutoka ufukweni, kinyumenyume, mtungi wa hewa mgongoni, vyuma vizito kiunoni ili wazame. Maji ni baridi ya kuuma mifupa, na mawe yamefunikwa majani marefu ya kijani yanayoteleza kama bamia. Eti wanaangalia samaki. Bon, wangeleta hata mmoja nikapika.

Jumapili moja alienda huko moja kwa moja kutoka ibadani. Baadaye nikamfuata na Mama Riziki, kiongozi wa akina mama kanisani, kwa gari lake. Tukamkuta anatoka majini, majani yananing'inia kichwani kama nywele za mwanamke. Akavua ile nguo ya mpira wanayovaa kuzamia. Ndani, shati la kanisani kavu kabisa. Nguo inabana shingoni na mikononi, maji hayapiti. Nilieleza hivyo njia nzima. Mama Riziki akaniuliza polepole:

"Mama mkwe wako, ulimsikia lini mara ya mwisho?"

Kumbe anafikiri tumekutoa wewe kafara. Habari ikafika Columbus kwa shemeji, ikafika na kwako kambini. Sasa akina mama wamekataa kumpokea Zawadi mikononi siku ya kumweka wakfu. Mtoto aliyebeba jina lako, Mama. Gary alimletea Mama Riziki ile nguo aijaribu, lakini mama huyo akasema hagusi ngozi ya nyoka. Nimechoka.

Lakini bado nina tumaini. Jumapili, kwenu ikiwa jioni, nitakupigia na kuweka simu kwenye spika mbele ya kanisa lote. Habari za nguo usiziguse. Mwite mjukuu wako, umbariki, kisha mgombeze mwanao kama ulivyozoea, kwa sauti kubwa, usimwonee huruma. Wakikusikia, watampokea mtoto.

Msalimie baba mdogo, na wifi anayekuchotea maji.

Mkweo anayekuombea pumzi ndefu,
Mama Zawadi