Tetemeko la Jumamosi na Ukuta wa Shangazi Nyevu

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
Jumanne, 17 Juni 2025.

Mpendwa dada Josephine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani na joto la huko Maskati? Goti lako limepoa? Sisi tu wazima, na mamako, shangazi yangu Nyevu, mzima, ulimi wake pia mzima. Hilo nalitanguliza makusudi, usije ukasoma yanayofuata umesimama.

Dada, Jumamosi ardhi ilitetemeka! Miaka yote nasoma habari za matetemeko kwenye magazeti ya kufungia mkate, hatimaye moja likanikuta nimeshika chai.

Saa kumi alasiri tulikuwa barazani kwa mamako. Vikombe vikalia. Watujua watu wa Chaani: vikombe vikilia, kila mtu hushika chake akangoja lori la kontena lipite. Basi tukashika, tukangoja. Nikatupa jicho barabarani, sioni gari. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika ishirini na tano, nyumba nzima ikayumba kama feri inapogusa gati, kisha ikatulia. Tulipoingia chumbani kwa mamako, ukuta ulikuwa umepasuka toka dirishani hadi sakafuni.

Mamako hakuhangaika kutafuta mkosaji. Alimwendea jirani yetu Tinga, yule anayelaza trela lake nyuma ya ukuta huo, akampa hadi Jumatatu aliondoe ama wakutane kwa chifu. Maskini Tinga, ambaye tangu afiwe na mkewe anakula kwa shangazi, aliinua spana kulionyesha trela. Trela lenyewe lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja.

Nikaingilia kati, na majirani wakakusanyika. Nikawaeleza kwamba gamba la dunia limekatika vipande vikubwa, navyo vinasogea polepole kama kucha zinavyoota. Hata upande wetu huu wa mashariki unajitenga na Afrika iliyobaki, na Bonde la Ufa ndio mshono unaofumuka. Miamba husukumana, hukwama, hukaza miaka na miaka, na siku inapoachia, mtikisiko husambaa kwa mawimbi. Wimbi la kwanza lina mbio, ndilo lililogonga vikombe. La pili huja nyuma likiyumbisha. Kila sekunde baina yao ni kama kilomita nane, kwa hiyo zangu ishirini na tano zilikuwa kilomita mia mbili. Jioni redio ilipotangaza kwamba chanzo kilikuwa chini ya bahari, kusini kwetu, umbali uo huo, nilizunguka meza mara mbili kwa furaha. Tinga akaokoka.

Ila mamako alikuwa amenisikiliza vizuri kuliko nilivyotaka.

"Lewa, mwanangu," akasema, "limetoka mbali hivyo, limechoka, likazipita nyumba zote za Chaani, likaja kupasua yangu. Kwani ukuta huu nani aliujenga?"

Dada, wajua ni mimi. Na hesabu iliyomtoa Tinga ndiyo iliyonitia mimi ndani, maana tetemeko la mbali vile halina nguvu ya kupasua ukuta uliojengwa sawasawa. Nilikwenda nikautazama. Mawe nilikuwa nimeyapanga maungio juu ya maungio, badala ya jiwe kulalia mawili ya chini yake, na juu ya dirisha sikuweka chuma. Nilikuwa na haraka ya kwenda harusini Timbwani. Ningeweza kulisingizia tetemeko, na majirani tayari walikuwa wameliamini. Lakini tetemeko lenyewe haliui mtu, ukuta ndio huua, na chini ya ule ndipo mamako hulaza kichwa. Nikamwambia kweli yote. Akanitazama, akaniagiza nihamishe kitanda.

Tinga alipelekewa sahani ya wali na samaki, akaambiwa ale kabla haujapoa. Kwa mamako hiyo ndiyo samahani, na imepigwa muhuri.

Jana tuliubomoa. Nilikuwa nimeazima nyundo kubwa, sikuitumia. Niliusukuma kwa mkono wa kushoto ukalala chini wote. Leo najenga upya, na chuma kipo. Mamako ameweka kiti mlangoni, na kila jiwe lazima alione kwanza.

Nisalimie shemeji na mtoto Velma. Tinga anakusalimu, na ndugu wote wa Frere Town. Mungu akulinde huko uliko, dada, na kuta unazolala chini yake ziwe zimejengwa na mtu mwingine.

Nduguyo akupendaye, kucha zimejaa saruji,
Lewa