Karatasi Uliyoifua

Mama,

Tangu tukuzike, jikoni kwako hapa Uyole anapika mke wa Baba Mdogo. Mafiga hajayahamisha, na mtoto anamfunga mgongoni vile ulivyomfundisha. Baba Mdogo naye bado ana banda lake la betri nyuma ya ukuta wa jiko. Malori hayaishi, na betri mbovu haziishi.

Unakumbuka kile kifaa cha maabara nilichotundika jikoni, kinachonyonya hewa kupitia karatasi nyeupe? Nilirudi kesho yake nikakuta karatasi imefuliwa kwa sabuni, imeanikwa kwenye kamba katikati ya kanga zako. "Sasa wenzako kazini wakiiona chafu vile si watasema kwetu hatuogi?" Nilikugombeza, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikaweka nyingine na kukuapisha usiiguse.

Hiyo ya pili nimeipima juzi. Mashine yetu inalipiga vumbi kwa mionzi ya eksirei, na kila elementi inajibu kwa mng'ao wake. Nilitegemea potasiamu ya kuni na kalsiamu ya vumbi la barabara. Zilikuwepo. Na risasi ilikuwepo, Mama, nyingi. Nikapima tena nikiomba iwe mashine imekosea. Haikukosea. Ni risasi ya betri anazoyeyusha Baba Mdogo.

Sisemi ndiyo iliyoharibu figo zako. Mashine haisemi hivyo. Lakini yule mtoto yuko mgongoni, jikoni, kila siku.

Nimebanwa. Aliyenisomesha ni yeye, kwa betri hizo hizo. Jeneza lako alilibeba mbele, akilia. Kila tukikaa kula ananiuliza, "Atu, ile karatasi ya shemeji imesemaje?" Namjibu bado, kisha namsogezea mboga. Nikisema, nimemwambia alimvutisha shemeji yake sumu. Nikinyamaza... Mficha maradhi kilio humfichua, si ulikuwa ukituambia mwenyewe?

Mashine haili karatasi, kwa hiyo ninazo zote mbili. Kesho tukitoka kanisani nitamketisha. Nitaanza na ile uliyoifua, acheke kwanza. Halafu nitamwekea ile ya pili, nyeusi, mkononi. Akinifukuza, sitatoka mpaka mtoto ametoka jikoni. Nakuahidi hilo.

Nisamehe kwa kukugombeza siku ile. Ndaga fijo, asante sana, Mama. Pumzika.

Mwanao,
Atupele