Chipu Zitapanda Mpaka Lini?

Jumatatu, Migori, 1996. Mawingu mazito tangu asubuhi na mvua haijaamua. Nami hali kadhalika.

Leo Ouma amepiga simu kutoka Amerika. Ouma ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Anafanya kazi katika kiwanda cha chipu, vile vidude vidogo visivyozidi ukucha ambavyo kompyuta haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Pesa zetu za kujenga zimo humo, kwenye hisa za kiwanda hicho, tangu mwaka jana.

Bei imeanguka. Viwanda vimefunguliwa vingi mno, chipu zimejaa maghalani na wanunuzi wamenuna.

Mume wangu, Baba Akinyi, aliendelea kushika mkonga wa simu pale posta hata baada ya laini kukatika. Watu wa foleni wakaanza kuguna. Nikamshika mkono tukatoka.

Siwezi kumcheka. Mimi ninauza mitumba sokoni, na wakulima wakilipwa pesa za tumbaku, hata shati lisilo na mkono hununuliwa. Kila mwaka najiambia neema hii itadumu, nanunua robota jingine, kisha pesa za tumbaku zikiisha nasinzia juu yake bila mnunuzi.

Ila hili la boma linaniuma.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Mila za Kiluo nilifundishwa na baba mkwe wangu, kwa Kiswahili chake, pale kwake Rodi Kopany. Mwana aliyeoa huishi katika boma la baba yake mpaka apelekwe kuanzisha lake. Baba ndiye hutangulia alfajiri hiyo na kuonyesha lango litakaa wapi. Mwana hubeba jogoo, mke hubeba moto. Nyumba yenyewe kibanda cha udongo kinatosha, cha kujengwa siku moja. Mzee alikuwa ameshatuchagulia jogoo, mwekundu, mkorofi kupindukia.

Krismasi iliyopita tulimkuta miguu imemvimba. Akamgeukia mume wangu.

"Wuoda, mwanangu, hiyo kitu ya Ouma itapanda mpaka lini?"

"Baba, wataalamu wanasema miaka tano. Wacha izae kwanza. Mimi first born siwezi ingia boma na nyumba ya matope. Nataka matofali."

Mzee akatikisa kichwa.

"Wataalamu yako imekupatia miaka tano. Daktari yangu amesema nisingojee mvua ingine."

Akacheka mwenyewe. Sisi nasi tukacheka. Mungu wangu, tulicheka!

Kisha Baba Akinyi akaendelea kumweleza jinsi kila ofisi duniani itakavyonunua kompyuta, na kila kompyuta itakavyotaka chipu nyingi zaidi. Mzee alisikiliza mpaka usingizi ukamchukua kitini.

Alifariki mvua za masika zilipoanza.

Ouma alitupa pole kwa simu, na katika simu hiyo hiyo akasema hisa bado ziko juu, tusiuze. Hatukuuza. Matanga yakapita, nasi tukaendelea kungoja matofali.

Acha niandike ukweli hapa, maana kanisani sitausema. Leo niliposikia zimeanguka, kwanza nilifurahi. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu nikamwona mume wangu alivyosinyaa ndani ya koti lake, nikaona haya.

Jioni hakugusa chakula. Alikaa mlangoni akitazama barabara, kisha akasema bila kunigeukia, "Mama Akinyi, tujenge tu ya udongo."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwuliza udongo wa Rodi ulikuwa na kasoro gani Krismasi. Badala yake nikaketi mlangoni kando yake.

Basi tutajenga. Miti ipo, nyasi zipo, udongo haujawahi kupanda bei. Hata yule jogoo mwekundu yupo, amezeeka lakini ukorofi haujamwisha. Atakayetutangulia ni baba mdogo, ndugu yake Mzee, na mila inamruhusu.

Kesho nitamtumia ujumbe. Najua atakachouliza kwanza: ndugu yangu alitaka lango la mwanawe likae wapi?

Sisi hatujui. Siku ile tulikuwa tukizungumza habari za chipu.