Kigoda cha Mama na Zamu ya Mjomba

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na kigoda chako bado kiko palepale, kwenye mlango wa jikoni. Leo tunakukumbuka, na tumeona heri tuseme ukweli kuliko kukupamba kwa maneno matamu.

Ulikuwa dobi wa hospitali. Ulirudi jioni na mikono iliyonyauka kwa sabuni, na bado ukakunja kila kilichokuwa mbele yako: nguo, magazeti, hata mifuko ya sukari. Shuka uliyoipiga pasi haikuwa na kikunjo hata kimoja, maana ulisema mgonjwa ana shida za kumtosha. Uliimba pambio moja tu, tena ubeti wa kwanza, kwa kuwa wa pili hukuujua.

Wewe ndiye uliyetuletea Mjomba. Alikufuata ukitoka kazini, mbwa wa kahawia, mbavu nje, sikio moja limelala. Baba alipouliza huyu ni nani, ulimjibu bila kucheka, "Kaka yangu. Amekuja kuona dada yake anatunzwaje huku." Tangu hapo kwetu akawa Mjomba, na Baba, atake asitake, akapata shemeji. Ukawa unamtania kila siku: "Baba watoto, shemeji yako hajakusalimia leo. Umemkosea nini?"

Baba, fundi seremala na mzee wa kanisa, ndiye aliyetengeneza meza yetu. Kiti chake kina mikono, vyetu sisi watoto wanne havina. Wewe ulipewa kigoda cha mabaki ya mbao, kwa muda tu, mpaka apate mbao nzuri ya kiti chako. Muda huo ulikula miaka, na hukuwahi kumkumbusha. Ulitupakulia, ukasimama, ukasema, "Nyie kuleni. Mimi nitakula na kaka yangu." Tulicheka, tukala, tukaomba tuongezwe.

Ulipoondoka, Mjomba akasusa. Baba alimwekea chakula kabla hajaketi mezani, tena kizuri, chenye nyama. Mjomba alikinusa, akaenda kulala kando ya kigoda. Mbavu zikarudi nje. Ukiwa mgonjwa kitandani ulikuwa umemwomba Baba jambo moja tu, amtunze shemeji yake, naye aliahidi. Sasa alimwona anakwisha mbele ya macho yake. Ilimuuma, na kama kawaida yake uchungu ukatokea mdomoni kama hasira.

"Kesho nampeleka kwa jirani," alisema. "Siwezi kususiwa ndani ya nyumba yangu."

Kitinda mimba wako ndiye aliyemjibu, maana ndiye aliyekuwa akishinda nawe jikoni. "Hakususii, Baba. Anasubiri zamu yake."

"Zamu gani?"

"Ya Mama. Walikuwa wanakula pamoja, sisi wote tukishamaliza."

Jioni iliyofuata Baba alirudi kutoka karakana na vumbi la mbao kwenye nyusi, njaa inamuuma, akakataa kupakuliwa. Akavuta kigoda, akakaa, magoti yakakaribia kidevu. Mapacha wako, waliobaki nyumbani na kitinda mimba, hawakuambiwa kitu. Walikula kama walivyozoea, wakaongeza kama walivyozoea. Sufuria ilipomfikia, ndani mlibaki wali wa kijiko kimoja na mchuzi wa kupaka chini tu.

Aliangalia humo, akauliza, "Ndiyo hivi kila siku?"

"Siku nyingine mchuzi ulikuwa unakwisha kabisa," kitinda mimba akasema.

Mama, Baba mwenyewe ametuambia tuandike kilichompitia moyoni. Alikumbuka ile Jumapili aliyosimama kanisani kufundisha juu ya Bwana wetu aliyejishusha. Waumini walitikisa vichwa, wengine wakamshika mkono mlangoni, naye akarudi nyumbani kifua mbele. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, akala wa kwanza, akalalamikia chumvi, na wewe ukamwomba radhi ukiwa umesimama. Somo lile alilifundisha yeye, waliolishika ni wewe na mbwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akagawa kile kidogo mara mbili, fungu la Mjomba likawa kubwa. Mjomba hakugusa mpaka Baba alipotia tonge mdomoni, ndipo naye akala. Baba, ambaye sala zake za chakula zilikuwa zinapoza mchuzi, alisema tu, "Bwana, nisamehe. Na wewe, shemeji." Pale mezani mapacha walikuwa wameacha kutafuna. Mmoja alitoka nje. Mwingine alibaki anaitazama sahani yake, hajui aifanye nini.

Tangu siku ile Baba ndiye anayepakua na ndiye anayekula wa mwisho, na Mjomba amenenepa mpaka majirani wanauliza. Sisi bado tunajifunza. Juzi mapacha waligombania nani akae kwenye kigoda, na kila mmoja alitaka aonekane mnyenyekevu kuliko mwenzake. Baba akawafukuza wote wawili.

Kiti chako amekimaliza wiki hii. Amekiri kwamba mbao nzuri ilikuwepo karakana muda wote, ila alikuwa akiwatengenezea wateja. Kina mikono. Tumekiweka upande wa dirisha na hakuna anayekikalia. Baba akipita hukigusa mgongo, kisha huenda kukaa chini na shemeji yake. Kimechelewa, Mama, na tunaona haya kukuonyesha. Utusamehe.

Unakumbukwa na mume wako, kifungua mimba wako na mkewe, mapacha wako, kitinda mimba wako, wajukuu zako, wenzako wa chumba cha kufulia, na kaka yako Mjomba, aliyekuja kuona unatunzwaje, akaona yote, na bado anakula nasi.

Hatutapakua chakula tena bila kukukumbuka.