Chenga Kwenye Picha ya Moyo

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti la mama yako. Wajukuu wangu hawajambo?

Majibu ya kipimo cha moyo nimeyapata. Daktari anasema mshipa umeziba, anataka kunilaza auzibue. Mimi siamini. Siku ile ulinipiga picha wewe mwenyewe, ukajisifu kwamba umetumia nusu tu ya mionzi ya kawaida. Nusu! Nimezeekea studio, pasipoti za mji huu mzima nimepiga mimi. Mwanga ukipungua, picha inajaa chenga na vivuli. Hicho mlichokiona ni kivuli. Mionzi yote hiyo, ukaona umbanie baba yako?

Baba yako

10 Machi

Baba, shikamoo,

Sisi wazima, wajukuu wanakuamkia. Mpe mama pole ya goti.

Sikukubania. Mionzi ikizidi ina madhara, na wewe ulishapigwa mingi ulipougua mapafu. Ndiyo maana nilikupa kidonge cha kutuliza mapigo, nikakwambia ushike pumzi. Mashine inapiga pale moyo unapotulia tu, kama ulivyowakataza wateja kupepesa macho. Chenga zinazobaki, kompyuta inaziondoa. Picha inasomeka vizuri. Tafadhali usichelewe, mshipa wenyewe ni mkubwa.

Binti yako

18 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi mzima, usisikilize maneno ya mama yako kuhusu ngazi.

Kumbe kompyuta inarekebisha! Basi nimewakamata. Mimi nimewafutia chunusi maharusi wangapi kwa brashi? Anayejua kufuta anajua na kuongeza. Halafu huyo daktari ana haraka gani na kifua changu? Nyie wa hospitali mnajuana. Siji.

Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo,

Mama amepiga simu. Anasema ulikaa katikati ya ngazi, pumzi imekukatika. Nimelia sana.

Humu kwenye bahasha kuna picha mbili za mshipa uleule: moja imeondolewa chenga, nyingine ni kama ilivyotoka kwenye mashine, haijaguswa. Chukua lenzi yako. Ukiona tumekudanganya, sitakusumbua tena.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Mimi si mzima.

Ile isiyoguswa ina chenga tele, mteja angenitupia usoni. Lakini chenga hutapakaa ovyo, na ule mshipa umeziba palepale kwenye picha zote mbili. Si kivuli. Niliona siku ileile barua ilipofika, nikamwambia mama yako haijafika.

Jumatatu tunakuja. Nilikuwa naomba uwe umekosea, mwanangu. Naogopa.

Baba yako