Poda ya Mutihani wa Kijapani

Kavimvira, Uvira

Binti yangu Josée,

Minye baba yako, miaka sabini na sita, niliyepita vita, kolera, maji ya mto Mulongwe yaliyobeba nyumba za watu, na mama yako mzazi, nakusalimia. Uko muzima? Bwana yako je? Na mjukuu wangu Héritier, anakula muzuri huko Nagoya? Minye niko na nguvu. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa.

Unajua nilifika darasa la nne, basi. Lakini herufi za Kijapani nimezikamata zote, kwa kitabu ulichoniachia. Uvira nzima haiko mzee mwingine wa hivyo. Nilisema kama mutoto hajui Kiswahili, babu atajua Kijapani. Nikapanda bisi mpaka Nairobi kufanya mutihani wao, ile ngazi ya chini. Vijana wakaniuliza kama nimemsindikiza mjukuu. Nikawajibu wajukuu ni wao.

Karatasi za kusoma nilizimaliza mbele yao wote. Kisha ikaja ya kusikiliza. Sauti inapita mara moja, hairudii. Nikaona vichwa vyote vinainama pamoja kuandika. Na minye nikainamisha changu.

Niliporudi, matokeo hayajatoka, nilitangaza nimefaulu. Jirani Blandine akanimwagia poda kichwani kama wanavyofanyiwa watoto waliofaulu egzame deta, mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, mtaa ukaimba. Ndiyo ile foto aliyokutumia. Poda sikuipangusa mpaka kesho yake.

Sasa nikwambie. Matokeo yalitoka. Kusoma nilipita. Kusikiliza nilianguka, na kwao ukianguka fungu moja umeanguka mutihani wote. Josée, masikio yangu yamekufa, huu mwaka wa tatu. Ile simu yako ya mwisho sikuikata kwa hasira. Nilisikia mvumo tu, nikaona haya kukuuliza mara ya nne ulisema nini. Weye ukafikiri baba amechukia ndoa yako ya mbali, ukaacha kupiga.

Usipige, mama. Andika. Na Héritier aandike, herufi kubwa kubwa. Kusoma nilipita, karatasi yao inasema.

Salamu kwa wote wa nyumba yako. Ukidhani ni majivuno yangu ya kila siku, muulize Nizigama, mwenye kubadilisha pesa hapa mpakani, atakayetia barua hii posta Bujumbura. Tulisafiri naye, alinipigia kelele sikioni mpaka Nairobi, na minye nikaitika ndiyo kwa kila kitu. Blandine usimuulize kwanza. Kwake nitakwenda mwenyewe, kesho, kumwambia habari ya poda yake.

Baba yako,
Cyprien