Viti vya Pamoja Vinalipiwa

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Ningesema hatujambo, lakini tangu asubuhi nimeanika nguo, nikazianua zikiwa mbichi, nikazianika tena. Kukaa siwezi. Hata haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Wazee wamefika Jumamosi, tena kwa ndege! Unajua kazi ya kuuza tiketi imenifanya mjanja. Haya mashirika ya bei ya chini nayajua nje ndani. Nauli ni chambo tu, ndoana iko mbele: begi wanakulipisha, maji wanakulipisha, kuchagua kiti wanakulipisha. Usipochagua, kompyuta inakutupa popote, hata kama umekuja na mkeo. Wateja wangu nawaambia kataa, kataa, kataa mpaka mwisho, nauli ibaki ile ile ya kwenye tangazo. Basi na wazee wetu nikawakatalia kila kitu. Mama nilimwambia avae nguo zake zote asilipie begi, akashuka amevimba kama kabichi.

Kwenye viti ndipo tulipovutana. Mama alinipigia akitaka wakae pamoja. Nikamtania kwamba ndoa yote hiyo bado hawajachokana, wakipumzishana safari moja kuna ubaya gani. Akacheka. Kesho yake akapiga tena, akasema atalipa mwenyewe. Nikamwambia asiwape wale watu ulaji wa bure, ndege ni moja na watashuka mahali pamoja. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye unayejua. Akili nyingi huondoa maarifa, Kaka.

Mama akapangiwa kiti cha mbele, Baba mkiani. Ndege haijaondoka, Baba akasimama akaanza kumwita Mama. Mhudumu akamwomba aketi. Akaketi, akasimama tena, akawa anapita kiti kwa kiti akitazama nyuso za wanawake. Mwanzoni watu walicheka. Alipoanza kulia wakaacha. Mama alimwomba jirani yake abadilishane na Baba, bwana yule akasema kiti chake cha dirishani amekilipia. Siwezi kumlaumu. Mwishowe msichana aliyekaa na Baba ndiye aliyehama, Mama akaenda nyuma kumshika mkono, ndege ikaondoka kwa kuchelewa.

Hayo nimeyajua jana, jikoni, Mama akimenya viazi. Akaniambia Baba haumwi uzee tu, kumbukumbu zinamtoka, na yeye Mama amekuwa akituficha. Yale matani ya Baba kwenye simu yanayotuvunja mbavu, kumbe Mama yuko ubavuni anamnong'oneza neno kwa neno. Wamekuja ili aonwe na daktari, na alitaka kutuambia ana kwa ana. Mimi nikapandisha hasira, nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile anagombania viti. Akasema angesemaje, na Baba alikuwa amekaa pale pale anamsikiliza. Niliona aibu, nikatoka nje bila viatu.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata Mama. Niliwapokea uwanjani nikiwa na sare ya kazini. Mama akaingia msalani, nikabaki na Baba. Akanisalimu kwa adabu, akaniita dada. Akasema anaona mimi ni mtu wa tiketi, basi ananiomba safari ya kurudi nimweke karibu na mkewe, na kama kuna cha kuongeza yuko tayari. Akaanza kujipapasa mifuko. Mimi nikaangua kicheko! Nilidhani ni utani wake ule ule. Nikamjibu kwamba kwake huduma hiyo ni bure. Akanishukuru sana, akaniombea Mungu awape wazazi wangu maisha marefu.

Usisubiri nauli ishuke, Kaka. Lipa watakachokudai, uje.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, kasema Mama.

Ni mimi mdogo wako,
Mkono wa Birika